Mabamba 160 kwa taa moja: historia fupi ya kuunga seli za sola

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie kipande cha shaba, maji ya chumvi na taa iliyokataa kuwaka.

Wikendi iliyopita nilijaribu kutengeneza seli ya sola jikoni. Kazi yenyewe si ngumu. Unachukua bamba la shaba, unaliweka juu ya jiko la stima lenye moto mkali kwa nusu saa hivi, hadi lifunikwe na ukoko mweusi. Ukiliacha lipoe polepole, ukoko unabambuka na chini yake unabaki utando mwekundu wa oksidi ya shaba. Bamba hilo na jingine safi unayatumbukiza kwenye maji ya chumvi bila kugusana, unatoa chombo juani, halafu unapima. Mita yangu ilisoma volti 0.25. Nilifurahi kama mtoto. Kisha nikaunga taa ndogo nyekundu ya LED. Kimya.

Tupige hesabu. LED nyekundu inataka karibu volti 1.8, na miliampia 1 hivi ndipo uone mwanga wa maana. Seli yangu ilitoa maikroampia 50 tu. Ukiunga seli kwa mfululizo, yaani chanya ya hii kwa hasi ya ile, volti zinajumlishwa. Ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mkondo ndio unaojumlishwa. Basi nahitaji seli 8 kwa mfululizo kupata volti 2, na misururu 20 ya namna hiyo kwa sambamba. Jumla 160, kwa taa moja isiyozidi punje ya hindi! Na hapo nimehesabu kwa ukarimu, maana seli haitoi volti zake zote na mkondo wake wote kwa wakati mmoja.

Hapo nikaelewa kwa nini jambo hili liliwachukua wanasayansi zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1839 Mfaransa Edmond Becquerel, kijana wa miaka 19, aliona kwamba mabamba ya metali ndani ya kimiminika chenye asidi hutoa umeme yakimulikwa. Seli yangu ya jikoni ni mjukuu wa ile yake. Mwaka 1873 Willoughby Smith, akipima nyaya za telegrafu za chini ya bahari, aligundua kuwa seleni hupitisha umeme vizuri zaidi ikipata mwanga. Miaka 3 baadaye William Adams na Richard Day wakaonyesha mjini London kwamba seleni huzalisha umeme kwa mwanga peke yake.

Mtu wa kwanza kufikiria paa alikuwa Mmarekani Charles Fritts. Mwaka 1883 alipaka seleni juu ya bamba la metali, akaifunika kwa utando wa dhahabu mwembamba sana unaopitisha mwanga. Mwaka uliofuata aliunga seli zake pamoja na kuziweka juu ya paa mjini New York. Lakini mji huohuo, Thomas Edison alikuwa amefungua kituo cha umeme wa makaa ya mawe mwaka 1882. Seli za Fritts ziligeuza kama asilimia 1 tu ya mwanga kuwa umeme. Mshindi ulijulikana mapema.

Mambo yalibadilika tarehe 25 Aprili 1954, pale Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson wa maabara ya Bell walipoonyesha seli ya silikoni yenye ufanisi wa asilimia 6 hivi. Chapin alikuwa ametumwa kutafuta umeme wa mitambo ya simu kwenye nchi za joto na unyevu, ambako betri kavu ziliharibika upesi. Yaani, tatizo la kwetu! Lakini bei ilikuwa karibu dola 300 kwa wati moja, kwa hivyo seli hizo zikaenda angani kwanza. Vanguard 1, iliyorushwa Machi 1958, ilikuwa na seli 6. Redio yake ya betri ilikufa mwaka huohuo. Ile ya sola iliendelea hadi 1964.

Kwetu Kenya, mwaka unaokumbukwa ni 1984. Shule ya sekondari ya Karamugi huko Meru iliwekewa taa za sola na mhandisi Harold Burris akishirikiana na Mark Hankins, aliyekuwa akifundisha hapo. Walimu na wakulima walioziona wakataka za kwao, na wakanunua kwa pesa zao.

Sasa, ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotaka tusimame. Mimi nilisomea mtihani wa darasa la nane kwa koroboi. Asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Na sola ilikuwepo kijijini! Ilikuwa juu ya paa la mwalimu mkuu, pamoja na betri ya gari na taa za mirija zilizokula wati 8 hivi kila moja. Mlafi hakuwa jua. Mlafi alikuwa taa, na ndiye aliyelazimisha paneli kubwa na betri kubwa ambazo baba hangeweza kununua.

Nick Holonyak alitengeneza LED nyekundu mwaka 1962, lakini huwezi kusomea taa nyekundu. Ilibidi tungoje Shuji Nakamura atoe LED ya buluu yenye mwanga mkali mwaka 1993, ndipo LED nyeupe zikafuata. Wati 1 ikatosha meza ya mtoto. Ndiyo sababu M-KOPA, ilipoanza mwaka 2012, iliweza kuuza taa za sola kwa malipo madogo ya kila siku kupitia M-Pesa. Tunasifu paneli kila mara, lakini nusu ya kazi ilifanywa na taa iliyojifunza kula kidogo.

Mabamba 160 sikutengeneza. Nilimwendea fundi, akanipa vipande 4 vya paneli iliyopasuka, kila kimoja kama kucha ya kidole gumba. Kila kipande kina nusu volti. Nikavilehemu kwa mfululizo, nikatoka nje. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba ilinibidi niikinge ile LED kwa kiganja ndipo nione kama imewaka.

Ilikuwa imewaka. Tuonane siku nyingine.