Imani Isiyongoja Nyakati Nzuri

Tunapozungumza juu ya imani leo, mara nyingi tunaanza na hofu. Vijana wasio na ajira wanatafuta bahati katika kamari. Ndoa zinavunjika mapema. Wahubiri wanauza mafuta na maji ya upako, na simu inamfundisha mtoto mengi kabla mzazi hajafungua kinywa. Je, imani tuliyopokea kwa wazee wetu itastahimili? Tutazame walikopita wao.

Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893. Miaka mitatu baadaye wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru, lakini kazi iliendelea. Jaribu kubwa zaidi lilikuja na Vita Kuu ya Kwanza. Ujerumani ilishindwa, Waingereza wakaitwaa nchi, na mwaka 1920 wamisionari Wajerumani wakaondoshwa. Katika sharika za Kilimanjaro hapakuwa bado na Mwafrika aliyebarikiwa kuwa mchungaji. Wengi wangeweza kudhani kwamba dini ya wageni ingeondoka na wageni.

Haikuondoka. Walimu wa shule na wazee wa sharika waliikusanya kondeni ya Bwana. Waliongoza ibada, walifundisha Katekisimu, walizika wafu na kupatanisha waliogombana. Nyakati zao nazo hazikuwa tulivu. Utawala ulikuwa mpya, na kahawa ilikuwa inaleta fedha na tamaa zake. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro walikuwa tayari wameunda chama chao. Walutheri kutoka Marekani walikuja kusaidia, na baadaye Wajerumani wakarudi. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, wakaondolewa tena. Kanisa likabaki. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa KKKT, na Stefano Moshi akawa mkuu wake wa kwanza.

Wazee hao hawakuwa na majengo makubwa wala vipaza sauti. Walikuwa na Neno walilolijua kwa moyo, na walilifundisha nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa kwa Timotheo: Paulo anakumbuka kwamba imani yake ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Hapa ndipo penye hatari yetu. Kamari na mafuta ya upako huwapata kwa urahisi watu ambao imani yao inaishi kanisani tu, siku ya Jumapili, kinywani mwa mchungaji. Kijana aliyefundishwa nyumbani kwamba Mungu humpenda bure hatainunua neema kwa chupa.

Basi tujipime. Kama kesho wachungaji wote tungeondolewa kama mwaka 1920, ni nyumba ngapi za usharika wetu zingeendelea kusali jioni? Tuanze jioni ya leo: sura moja, sala moja, na watoto wakiwapo.