Mpira wa kinga unakataa kuingia kwenye janti: namna ya kuuingiza bila kupasua shambreri

Mbele ya kwado wa kona, asubuhi mapema, kuko picha moja ambayo wengi tunaijua. Kinga imepinduliwa, mwenyewe amepiga magoti, mpira mpya umeingia karibu wote. Inabaki kipande cha urefu wa kiganja tu, na hicho kinakataa kabisa. Vidole vinauma. Anaomba turnevisi, anasukuma kwa nguvu, mpira unaingia. Anapompa, anafurahi, na kisha dakika mbili: pssss. Shambreri mpya imetobolewa na ile turnevisi.

Kwa toleka wa Kisangani, ao kwa kijana anayepeleka makaa sokoni Butembo, hiyo si hasara ya kucheka. Shambreri imekufa, asubuhi imepotea, wateja wamekwenda na wengine. Na kuko hatari inayopita hiyo: mpira uliokaa vibaya unaweza kuruka toka kwenye janti wakati unashuka mlima na mzigo nyuma.

Tumeandika makala hii kwa wenye kinga za mizigo na kwa wale wenye kinga za mbio, zile watu wanaita velo ya course, zenye mipira myembamba kama tulivyoona Kigali mwezi wa tisa 2025 kwenye mashindano ya dunia. Kwa hizo za mbio njo mipira inakaza zaidi. Lakini kanuni ni moja kwa zote: mpira unaingia ukipewa nafasi. Nguvu inakuja nyuma, tena kidogo.

Mpira na janti vinashikana namna gani?

Shika mpira mpya, pitisha kidole kwenye ukingo wake. Utasikia kitu kigumu ndani, kama kamba. Kwa mipira mingi ni waya wa chuma; kwa ile inayokunjwa na kuuzwa ndani ya karatasi ni nyuzi ngumu sana. Hapa tutaita ukingo huo mdomo wa mpira. Kila mpira una midomo miwili, wa kushoto na wa kuume.

Kitu cha kukumbuka: waya hauvutiki. Raba inavutika, kitambaa kinavutika kidogo, lakini waya unabaki na urefu wake. Ukivuta mpaka jioni, hautaongezeka hata milimeta moja. Utaukunja tu, ao utaukata.

Sasa angalia janti bila mpira. Pembeni kuko kuta mbili ambazo midomo inaegemea wakati kuko hewa. Katikati, pale vichwa vya rayo vinatokea, janti imeshuka chini kidogo kama mfereji. Mafundi wengi hawajali mfereji huo, na njo siri yote iko pale. Waya ukikaa juu, pembeni, unazunguka duara kubwa na unakaza. Ukishuka ndani ya mfereji, unazunguka duara dogo na unaregea. Hesabu yake ni rahisi: kila milimeta moja mdomo unashuka, kwa duara nzima unapata zaidi ya milimeta 6 za kuregea. Mfereji wa milimeta 3 tu unaweza kukupa karibu sentimeta 2. Ile sentimeta 2 njo unayotafuta kwa turnevisi.

Kwanza soma namba

Mbele ya kulaumu vidole, hakikisha mpira na janti ni vya ukubwa mmoja. Sokoni watu wanasema «28», «26», «27», na majina hayo yanadanganya. Namba ya kweli imeandikwa ubavuni mwa mpira kwa herufi ndogo: tarakimu mbili, alama ya kutenganisha, kisha tarakimu tatu. Kwa mfano 25-622. Ya kwanza ni upana wa mpira kwa milimeta. Ya pili, 622, ni upana wa duara pale mdomo unakaa. Hiyo ya pili haina mjadala: lazima ilingane na ya janti.

Hizi njo utakazokutana nazo zaidi:

– 635: ni 28 x 1½, ya kinga kubwa za mizigo zenye freni za vyuma.
– 630: ni 27 x 1¼, ya kinga za mbio za zamani zinazokuja kama okazyo toka Ulaya.
– 622: ni 700C, ya kinga za mbio za leo. Mipira ya 29 ya kinga za mlima nayo inatumia 622, na wengine wanaiita hata hii «28».
– 590: ni 26 x 1⅜, ya kinga za kawaida za mjini.
– 559: ni 26 x 1.75 ao 26 x 2.00, ya kinga za mlima, VTT.

Angalia vizuri: «28» inaweza kuwa 635 ao 622, na «26» inaweza kuwa 590 ao 559. Kati ya 630 na 622 tofauti ni milimeta 8 tu kwa macho, lakini ukizungusha duara nzima inakuwa sentimeta 2 na nusu. Waya hautakupa hizo.

Mimi mwenyewe nililipa somo hilo. Nilikuwa na kinga ya mbio ya okazyo, nikanunua mpira wa 700. Nyumbani nilipigana nao mchana mzima, nikapasua shambreri mbili, nikakunja kijiko cha mama. Mzee mmoja fundi akaja, hakugusa hata kitu. Akasoma janti: 27 x 1¼. Akasoma mpira: 622. Akaniambia tu: «Mtoto wangu, hii haiingii leo, haiingii na kesho.»

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Mpira wa 630 kwenye janti ya 622 unaingia kama kofia, kwa mkono mmoja, na unajisikia fundi. Ukijaza hewa, mdomo hauna pa kushika. Unaweza kuruka pale pale, ao ungoje ukiwa unashuka Ngomo kuelekea Kamanyola. Mpira ukiingia bila kusumbua hata kidogo, usifurahi haraka: soma namba tena.

Namba zinalingana, lakini bado unakaza

Kuko sababu nne za kawaida.

Ya kwanza ni kitambaa cha ndani ya janti, ile fond de jante inayofunika vichwa vya rayo ili visitoboe shambreri. Huku kwetu wengi wanakata kipande cha shambreri ya moto na kuzungusha mara mbili. Kinalinda, ni kweli, lakini kinajaza mfereji, na mdomo unakosa pa kushukia. Tumia kitambaa chembamba, mzunguko mmoja, upana wa kufunika matundu tu. Usikiondoe kabisa, juu vichwa vya rayo vitatoboa.

Ya pili ni shambreri kubwa kuliko mpira. Shambreri ya mpira wa 40 ndani ya mpira wa 25 inajikunja, inajaa, inasukuma mdomo juu.

Ya tatu ni mpira mpya uliokaa umekunjwa. Uanike juani saa moja ao mbili, utaregea kidogo na kurudia umbo lake.

Ya nne ni janti zenyewe. Janti za kisasa zilizotengenezwa kwa mipira isiyotumia shambreri zina kingo ndogo karibu na kuta, na zinakaza kuliko za zamani. Zinaomba uvumilivu.

Kuingiza, hatua kwa hatua

1. Safisha janti. Toa mchanga na kutu. Pitisha kitambaa ndani ya mpira ukitafuta mwiba ao waya. Ukitumia kidole, pitisha polepole.

2. Ingiza mdomo wa kwanza wote. Huo kawaida hausumbui.

3. Weka hewa kidogo sana ndani ya shambreri, ipate tu umbo la duara. Bila hewa inajikunja na kubanwa. Hewa nyingi inazuia mdomo kushuka.

4. Ingiza valvu ndani ya tundu lake, kisha panga shambreri ndani ya mpira, duara nzima.

5. Anza mdomo wa pili upande unaotazamana na valvu, na malizia kwenye valvu. Wengi wanaanza kwenye valvu, na hapo wanajifunga wenyewe: mguu wa valvu ni mnene, unazuia mdomo kushuka ndani ya mfereji. Pale unapoanzia lazima mdomo ushuke kabisa, kwa hiyo valvu iwe ya mwisho.

6. Endelea na mikono miwili kwa pamoja, mmoja kushoto na mmoja kuume, ukipanda kuelekea valvu. Kipande kikianza kukaza, simama. Toa hewa yote ya shambreri.

7. Sasa fanya kazi ambayo watu wanaruka. Rudi pale ulipoanzia. Bana mpira kwa vidole, kushoto na kuume, usukume midomo yote miwili katikati, ndani ya mfereji. Songa hivyo kidogo kidogo mpaka karibu na valvu, kama mtu anayekamua nguo, ukileta uregevu wote mahali pamoja. Zunguka mara mbili, hata tatu. Utaona kipande kilichobaki kinakuwa chepesi.

8. Mdomo ukirudi nyuma upande mmoja wakati unasukuma mwingine, funga mpira na janti pamoja kwa kamba ya shambreri ya zamani, kila upande wa kipande kilichobaki. Kamba hizo zinakuwa mkono wa tatu.

9. Paka maji ya sabuni kwenye kipande hicho. Usitumie mafuta ya injini wala grisi: yanakula raba, na yakifika pale freni zinashikia janti, kinga haitasimama.

10. Weka gurudumu juu ya mapaja, valvu ikutazame. Sukuma kwa kiganja, pale mkono unaanzia, ukiviringisha mpira kuelekea mbele. Vidole gumba vinachoka haraka. Sukuma sentimeta moja toka kushoto, moja toka kuume. Usitafute kuingiza kipande chote kwa mara moja.

Na kama bado inakataa?

Mara nyingi ukirudia hatua ya 7 inatosha. Ikishindikana kabisa, chukua démonte-pneu ya plastiki, ao mkono wa kijiko wenye mgongo laini. Ingiza ncha kidogo tu, inyanyue mdomo, uitoe mara moja. Mbele ya kunyanyua, sukuma valvu kuelekea ndani ya mpira ili shambreri ipande juu, itoke njiani. Shambreri inakufa pale inabanwa kati ya chuma na janti. Ukiona tundu mbili ndogo karibu karibu, upande wa ndani, na hukupita kwenye jiwe, ujue ni chombo chako kimefanya.

Turnevisi iache kwa visi. Ncha yake inatoboa shambreri, inakata kitambaa cha mdomo, na kwenye janti za aluminium inaacha makovu yatakayokata shambreri nyingine.

Mbele ya kupompa

Hapa haraka inaponza. Sukuma valvu ndani ya mpira kisha uirudishe, ili mguu wake usikae chini ya mdomo. Zunguka gurudumu lote, ukivuta mpira pembeni kwa vidole, upande mmoja na mwingine. Ukiona hata kidogo cha shambreri kati ya mdomo na janti, rudisha ndani. Kipande hicho kikibaki, mpira utapanda pale, shambreri itatoka na kupasuka kama risasi. Katika miji yetu, mlio wa namna ile unaweza kukimbiza mtaa mzima.

Weka hewa nusu, kisha zungusha gurudumu. Karibu na janti, ubavuni mwa mpira, kuko mstari mwembamba unaozunguka. Uwe na umbali mmoja toka janti kila mahali. Ukizama pahali, mpira haujakaa: toa hewa, paka sabuni pale, vuta kwa mikono, pompa tena. Ukipanda pahali, shambreri imebanwa.

Kipimo cha hewa kimeandikwa pia ubavuni, kwa bar ao kwa psi (bar 1 ni karibu psi 14,5). Mpira mwembamba wa mbio unaomba hewa nyingi kuliko ule mnene wa mizigo. Usipite namba ya mwisho iliyoandikwa, hata kama mzigo ni mzito. Na jua likiwa kali, usiache kinga iliyojazwa mpaka mwisho mahali pasipo kivuli, juu hewa inapanuka.

Kwa wale wa safari ndefu

Jaribu mpira mpya nyumbani mbele ya kusafiri nao. Utoe na uuingize mara mbili. Mara ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza, na utajua kama mikono yako inauweza, kuliko kujifunza usiku kati ya barabara na mvua. Beba shambreri moja, rustine na kole, pompi, kipande cha sabuni, na kamba mbili za shambreri. Vyote vinaingia ndani ya soksi moja.

Na wewe kwado unayetusoma: mteja akileta mpira mgumu, mwonyeshe namba mbele ya kuanza kazi, ya mpira na ya janti. Kama hazilingani, mwambie arudishe mpira kwa muuzaji ungali mpya, bila kovu la chuma. Siku hiyo utakosa franka za kazi moja, lakini yule mtu hatapeleka kinga yake kwa mwingine tena.