Manowari za Ulinzi na Kuzama kwa Khedive Ismail, 1944

Msafiri atokaye Kitengela kwenda Kajiado hupita katika nchi ya mbuga na mifugo, wala hana sababu ya kuifikiria bahari. Hata hivyo, historia ya nchi hiyo katika Vita Vikuu vya Pili haiwezi kuelezwa pasipo kuitaja bahari. Tawi la reli lianzalo Konza na kupita Kajiado mjini hadi Ziwa Magadi lilijengwa ili magadi yafike Kilindini na kupakiwa melini. Ukingoni mwa mbuga za Kitengela, pale Athi River, kiwanda cha kusindika nyama kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1930, na vita vilipopamba moto wafugaji walilazimishwa kuwauzia wakoloni ng'ombe wao kwa ajili ya kulisha majeshi. Reli kuu ipitayo Athi River na Konza ndiyo pia iliyowachukua askari kutoka bara hadi Mombasa. Magadi, nyama na vijana, vyote vilishukia bandari moja, na baada ya hapo usalama wake ulikuwa mikononi mwa manowari chache.

Waandishi wa historia ya manowari zilizolinda misafara ya meli wamezoea kuitazama Atlantiki. Jambo hilo si la ajabu. Kanada peke yake, iliyoingia vitani mwaka 1939 ikiwa na manowari zisizofika ishirini, ilimaliza vita ikiwa na mamia ya vyombo, vingi vikiwa vya kazi hiyo ya ulinzi. Kimoja, korveti iitwayo Sackville, kimehifadhiwa katika bandari ya Halifax kama kumbukumbu. Bahari ya Hindi haikupata bahati kama hiyo. Baada ya Wajapani kuzishambulia Colombo na Trincomalee mwezi wa Aprili 1942, kundi la manowari za Waingereza katika bahari hiyo lilirudi nyuma hadi Kilindini, na Mombasa ikawa makao yake makuu. Hata Shule ya Allidina Visram ilichukuliwa, ikawa mahali pa kufumbulia ujumbe wa siri wa Wajapani. Pamoja na hayo, manowari nyingi ziliondolewa baadaye kwenda kupigana Mediterania na kwingineko, na misafara ya Bahari ya Hindi ikabaki na ulinzi haba.

Hapa yafaa kusita kidogo juu ya lugha. Neno manowari lenyewe lilitoka katika vinywa vya mabaharia wa Kiingereza, likatoholewa zamani hata leo halisikiki tena kuwa geni. Ama kazi ya manowari hizi, Kiswahili kina maneno mawili ya kuieleza, nayo hayalingani. Tukisema zilisindikiza, tunapata picha ya mwenyeji amtoaye mgeni hadi njia panda kisha akarudi nyumbani. Tukisema zililinda, tunadai kwamba aliyekuwa chini ya ulinzi alikuwa na haki ya kuutegemea hadi mwisho wa safari. Yaliyotokea tarehe 12 Februari 1944 yanalifanya suala hili kuwa zaidi ya suala la msamiati.

Katika wiki ya kwanza ya mwezi huo, msafara ulioandikwa KR 8 ulitoka Kilindini kuelekea Colombo, katika nchi iliyoitwa Ceylon wakati huo. Meli za abiria zilikuwa tano: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Khedive Ismail ilikuwa chombo kikuukuu kilichojengwa mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, kikanunuliwa na kampuni ya Misri mwaka 1935, kisha kikachukuliwa na Waingereza kwa ajili ya vita. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, waliokuwa njiani kujiunga na wenzao waliokusanyika Ceylon kabla ya kupelekwa Burma. Walikuwamo pia wanamaji wa Kiingereza, wauguzi, na wanawake wa vikosi vya usaidizi. Siku ya mkasa, ulinzi ulikuwa wa kruza moja, Hawkins, na destroya mbili, Petard na Paladin. Ni manowari tatu kwa meli tano, na kati ya hizo tatu ni mbili tu zilizofaa kwa kuwinda nyambizi.

Mchana wa tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27, chini ya Fukumura Toshiaki, iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika mbili au hivi. Waliokuwa vyumba vya chini hawakuwa na njia ya kutokea, na hata wengi wa waliokuwa juu hawakuwahi kuifikia mashua.

Meli nne zilizobaki zilitawanyika. Paladin ikateremsha mashua kuokoa waliokuwa wakielea. Lakini nyambizi ilikuwa bado chini, na chombo cha Petard cha kusikilizia majini kilionyesha kwamba imejificha karibu na watu hao hao au chini yao kabisa. Nahodha wa Petard alikuwa na mambo mawili mbele yake: kuwahifadhi waliokuwa majini, au kuiwahi nyambizi kabla haijazifuata meli nne zilizojaa watu. Akaamuru mabomu ya kulipukia chini ya maji yatupwe. Walionusurika topido wakauawa, baadhi yao, na mabomu ya walinzi wao.

Utetezi wa uamuzi huo unajulikana, nao una uzito. I-27 haikuwa tishio la kubuni, kwa kuwa ilikwisha kuzamisha meli kadhaa katika bahari hiyo. Hata hivyo hesabu ya namna hiyo huwa rahisi mno katika kalamu ya mwandishi wa baadaye, ambaye anajua kwamba meli nne zilifika salama. Kosa kubwa zaidi, kama ni la kutafutwa, halikuwa la nahodha yule katika dakika ile. Lilikuwa katika mpango uliopeleka meli tano za askari katika bahari yenye nyambizi zikiwa na destroya mbili tu. Laiti zingekuwa nne, mbili zingewinda nyambizi mbali zaidi, na huenda nahodha asingalitiwa katika hali ya kuchagua.

Mabomu yaliilazimisha I-27 kuibuka. Paladin ikaelekea kuigonga, Petard ikaionya ikengeuke, na katika kukengeuka ubavu wake ukapasuliwa na bawa la nyambizi. Petard ilifyatua topido moja baada ya nyingine. Ya saba ndiyo iliyoivunja I-27. Paladin ikakokotwa hadi Addu, kusini mwa Maldivi, Waingereza walikokuwa na kituo cha siri. Waliokufa walikuwa 1,297, wakiwamo wanawake 77. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6.

Maisha ya manowari hizo tatu yanaweza kufuatwa kwa urahisi. Hawkins, iliyokuwa imeshiriki katika mashambulizi ya pwani ya Somalia mwaka 1941, ilirusha mizinga Normandy mwezi wa Juni 1944, ikavunjwa kuwa chuma chakavu mwaka 1947. Paladin ilitengenezwa, ikaendelea na kazi, ikavunjwa mwaka 1962. Petard ndiyo yenye sifa kubwa zaidi. Mwaka 1942, mbali na pwani ya Misri, mabaharia wake walitoa katika nyambizi ya Kijerumani U-559 vitabu vya siri vilivyosaidia kufumbua mawasiliano ya Wajerumani. Wawili walikufa humo. Hutajwa kuwa ilishiriki kuzamisha nyambizi za Ujerumani, Italia na Japani. Ilivunjwa mwaka 1967.

Ama askari wa Rejimenti ya 301, waliotoka Kenya, Uganda na Tanganyika, habari zao hazina mpangilio kama huo. Aghalabu hutajwa kwa idadi, baada ya wauguzi na kabla ya tani za meli. Historia zilizoandikwa kwa Kiingereza zimewahoji walionusurika wa Kiingereza, na ushuhuda wao ndio unaorudiwa. Askari wa mizinga Waafrika waliotolewa majini siku ile walikuwa na lugha ya kusimulia, na katika jeshi lile lugha hiyo ilikuwa hasa Kiswahili: ndicho kilichotumika kambini, na ndicho kilichoandikwa katika magazeti ya askari kama Heshima. Kazi ya kuyakusanya masimulizi hayo ingalikuwa nyepesi katika miaka ya 1950 na 1960, wazee wakiwa hai na reli ile ile ikiwafikia wengi wao.

Majina ya wafu yamo katika ukumbusho wa Afrika Mashariki, makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Yamechongwa kwa kikosi na cheo. Vijiji walikotoka havikuandikwa ukutani.