Vyombo Ukutani: Picha za Maji ya Kilwa na Songo Mnara

Picha ya mji wa Kilwa iliyopata kujulikana sana Ulaya ilichapwa Köln mwaka 1572, katika kitabu cha miji ya dunia alichokitengeneza Georg Braun pamoja na mchongaji Frans Hogenberg. Karatasi moja imegawanywa baina ya Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Mji umezungukwa na maji, na nyumba zake zimesongamana kama za mji wa Ulaya. Mabwana hao wawili hawakupata kuiona pwani hii. Kilwa ilikuwa imekwisha kuvunjwa nguvu na Wareno mwaka 1505, na mji wa Songo Mnara, kisiwani upande wa kusini, ulikuwa umekwisha kuwa mahame.

Kosa la picha hiyo si ugeni wa mchoraji. James McNeill Whistler, Mmarekani aliyehamia London mwaka 1859, alikuwa mgeni vile vile. Lakini alikaa kando ya mto Thames, na usiku akapelekwa majini na Walter na Henry Greaves, wana wa mjenzi wa mashua. Kisha alichora kwa kukumbuka. Katika picha zake za miaka ya 1870, mto ni ukungu na nuru, na daraja lenyewe karibu liyeyuke. Mwenye kasia hajui mto kwa namna hiyo.

Namna ya mwenye kasia yaonekana Songo Mnara. Mji huu ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na katika karne ya 15, kwa mawe ya matumbawe na chokaa: misikiti kadhaa, jumba kubwa, na nyumba za mawe makumi kadhaa, kati ya mikoko na bahari. Gervase Mathew aliuchimba mwaka 1950. Katika lipu ya magofu ya Kilwa na visiwa vyake, kama katika miji mingine ya pwani hii, watu walikwaruza picha za vyombo kwa ncha kali; Peter na Margaret Garlake waliandika habari za michoro ya namna hii mwaka 1964.

Michoro hii kwa kawaida haina maji. Kuna omo na tezi, mlingoti mmoja, kamba zilizovutwa huku na huku, na mara nyingi tanga la pembe nne. Aliyechora alijua kila kamba inafungwa wapi, na hakuona haja ya kuchora bahari, kwa kuwa ilikuwa mlangoni. Tanga hilo lakumbusha mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, ambacho tanga lake lilisukwa kwa miyaa.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha hufaidika. Barua za Kiswahili za zamani kupita zote zilizobaki, zilizohifadhiwa Goa, ziliandikwa Kilwa mwaka 1711. Kabla yake hakuna karatasi ya Kiswahili ya kuulizwa. Neno tanga ni la asili ya Kibantu. Nanga na jahazi yametoka ng'ambo, Uajemi na Uarabuni. Mtu akitaka kujua ni chombo gani kilichoitwa kwa maneno ya kwanza, na ni kipi kilichokuja na maneno ya pili, ukuta ni shahidi aliyetangulia barua. Lakini ni shahidi wa kuhojiwa kwa hadhari: umri wa lipu waonyesha tu kwamba mchoro hauwezi kuwa wa kale kuliko lipu yenyewe. Baharia wa karne ya 17 aliyelala katika gofu angeweza kukwaruza chombo chake juu ya chokaa ya karne ya 15. Wala haijulikani kwa mchoro peke yake kama mkono ule ulikuwa wa mwenyeji au wa mgeni aliyengoja kusi.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyatengeneza. Kuta zimeegemezwa, mizizi imekatwa. Lakini lipu ni ngozi ya ukuta, nayo hutangulia kuanguka kwa mvua na chumvi, ikichukua mlingoti na kamba zake. Karatasi ya Köln ingali katika maktaba nyingi za Ulaya.