Kutoka Dakika 74 Hadi Dakika Tatu: Historia ya Kasi ya Kuchoma Diski

Mtu aliyekwenda dukani kununua draivu ya kuchomea CD mwanzoni mwa miaka ya 2000 alitafuta kwanza namba iliyochapwa kwenye boksi: 8x, 24x, 52x. Alilipia namba hiyo, akaifunga draivu kwenye kompyuta yake, kisha akashangaa kazi ikienda taratibu kuliko alivyotarajia. Namba haikuwa ya uongo. Ilieleza uwezo wa draivu peke yake, ilhali data husafiri kutoka kwenye diski kuu hadi kwenye leza kama maji yanayopokezwa kwa ndoo katika mstari wa watu: mzito mmoja akiwamo, mstari mzima hufuata mwendo wake. Katika miaka ishirini hivi ya mbio hizi, mzito huyo alibadilika mara kadhaa, na kila alipopatikana na kuondolewa, mwingine alijitokeza.

Kampuni za Philips na Sony zilipokubaliana kanuni za CD mwaka 1980, na kicheza CD cha kwanza, Sony CDP-101, kilipoingia sokoni Japani mwezi Oktoba 1982, hakuna aliyewaza kasi. Muziki una mwendo wake na hauharakishwi. Diski iliwekewa utaratibu wa kupita chini ya leza kwa mita 1.2 hadi 1.4 kwa sekunde, na CD zilipoanza kubeba mafaili ya kompyuta, mwendo huohuo ukawa sawa na kilobaiti 150 kwa sekunde. Hiyo ndiyo 1x, kipimo ambacho kila namba iliyofuata ni kizidisho chake.

Diski ya kuchomwa nyumbani au ofisini ilitoka Japani. Mwaka 1988 kampuni ya Taiyo Yuden, ambamo mtafiti Emiko Hamada alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo, ilionyesha CD-R: plastiki yenye mfereji mwembamba unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, tabaka la rangi ya kikaboni juu yake, na tabaka la madini linaloakisi mwanga. Leza yenye mawimbi ya nanomita 780 huichemsha rangi hiyo mahali padogo mno ikaacha alama. Draivu za mwanzo zilikuwa mali ya studio na makampuni, bei zikiwa makumi ya maelfu ya dola. Mwaka 1995 HP ilitoa 4020i kwa chini kidogo ya dola 1,000. Ilichoma kwa 2x, kwa hiyo CD ya dakika 74 ilijaa kwa dakika 37 na ushee.

Dakika hizo zilikuwa za wasiwasi. Leza ikishaanza kuandika haikuweza kusubiri. Kama data ingechelewa kuifikia hata kwa muda mfupi, uandishi ulikatika na diski ikawa ya kutupwa. Draivu zilikuwa na bafa, yaani kumbukumbu ndogo ya kuhifadhi data inayongoja zamu, lakini hesabu yake inatisha hata leo: bafa ya megabaiti 2 katika draivu ya 8x iliisha kwa chini ya sekunde mbili. Na sababu za data kuchelewa zilikuwa nyingi. Diski kuu nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilisimama kila baada ya muda ili zirekebishe vichwa vyake kutokana na joto. Mafaili yaliyotawanyika vipande vipande yalikilazimisha kichwa cha kusomea kurukaruka. Maelfu ya mafaili madogo yalikuwa mabaya kuliko faili moja kubwa la ukubwa uleule, kwa kuwa kila moja lilipaswa kutafutwa na kufunguliwa. Programu ya kuzuia virusi ikiamka katikati ya kazi, au kitunza skrini kikijiwasha, diski iliharibika. Ndiyo maana wazoefu walitengeneza kwanza nakala kamili ya diski kama faili moja, wakazima kila kitu, wakaacha hata kukigusa kipanya.

Kwa maoni yangu, uvumbuzi mkubwa kuliko wote katika historia hii haukuwa draivu yenye namba kubwa. Ulikuwa BURN-Proof ya Sanyo, iliyoingia sokoni mwaka 2000 katika draivu ya Plextor ya 12x. Bafa ilipokaribia kuisha, draivu iliacha kuandika, ikakumbuka mahali ilipofika, ikangoja data, kisha ikaendelea palepale ikiacha pengo dogo ambalo urekebishaji wa makosa wa CD hulimeza bila shida. Watengenezaji wengine walileta teknolojia za aina hiyo muda si mrefu. Hofu iliondoka, na mtu akaweza kuandika barua huku diski ikichomwa.

Uvumbuzi huo ulifungua pia njia ya kasi yenyewe. Ili CD ipite chini ya leza kwa mwendo ule ule, hulazimika kuzunguka mara 500 hivi kwa dakika leza ikiwa karibu na katikati, na mara 200 ikiwa ukingoni. Kwa 16x, mzunguko wa katikati hufika 8,000. Kuendelea kwa utaratibu huo kusingewezekana. Draivu za kuanzia mwaka 2001 hivi zikaigawa diski katika kanda: zinaanza taratibu ndani, zinasimama, zinaongeza mwendo, zinaendelea. Kusimama na kuendelea katikati ya uandishi ni kazi ileile iliyofanywa na BURN-Proof. Baadaye draivu zikazungusha diski kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo kasi ya data ikapanda kadiri leza inavyokwenda nje. Hapo ndipo 52x ya kwenye boksi ilipo: ukingoni kabisa. Ndani, draivu hiyohiyo huandika kwa takriban 20x. Diski iliyojaa nusu haijawahi kuiona 52x.

Na 52x ndiyo ilikuwa mwisho. Kwa kasi hiyo plastiki huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na ukingo wake hupita kwa zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Diski yenye ufa mdogo, au iliyobandikwa lebo upande mmoja ikapoteza uwiano, iliweza kupasuka ndani ya draivu. Faida nayo ilikuwa imekwisha. Kutoka 1x hadi 2x mtu aliokoa dakika 37, kutoka 4x hadi 8x dakika tisa, kutoka 48x hadi 52x sekunde chache tu, wakati muda wa kuipima diski mwanzoni na kuifunga mwishoni haukupungua sana.

Wakati huohuo kulikuwa na mzito mwingine ambaye wengi hawakumwona kwa sababu amejificha ndani ya waya. Draivu ya nje iliyounganishwa kwa USB 1.1 ilipata kama megabaiti moja kwa sekunde, basi hata kama mashine yenyewe iliweza 24x, ilichoma kwa 4x. USB 2.0 ndiyo iliyoiweka huru. Ndani ya kompyuta kulikuwa na shida ya kuudhi zaidi. Data ilipaswa kwenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu kwa njia ya DMA, lakini Windows XP ikihesabu makosa sita ya mawasiliano, labda kwa kebo mbovu tu, iliishusha draivu kwenye njia ya zamani ya PIO, ambako prosesa hubeba kila kipande cha data yenyewe. Haikumwambia mwenye kompyuta. Kipanya kilianza kukwama, muziki ukakatika, DVD ya 16x ikachomwa kwa mwendo wa kuchosha, na watu wakanunua draivu mpya wakati dawa ilikuwa kubadili kebo na kuifuta njia ya mawasiliano ya draivu katika orodha ya vifaa ili mfumo uisajili upya.

Diski yenyewe pia ina kauli. Ndani ya mfereji wake kuna maandishi ya siri yanayomtaja mtengenezaji na kasi inayokubalika. Draivu huyasoma, huangalia katika programu yake ya ndani jinsi ya kupiga leza kwa rangi ya aina hiyo, kisha hujaribu nguvu mbalimbali katika eneo dogo karibu na katikati. Diski isiyojulikana hupewa kasi ya tahadhari. Diski ya bei poa iliyobeba msimbo wa mtengenezaji mwingine huidanganya draivu, na matokeo yake ni nakala inayosomeka leo na kugoma baada ya mwaka. Ushauri wa kuchoma kwa kasi ndogo kuliko zote nao haufai kwa kila hali: rangi iliyoundwa kwa 52x inahitaji mipigo mikali na mifupi ya leza, na kuiunguza kwa 1x si lazima kuipe alama safi zaidi.

Nchini Kenya na Tanzania mbio hizi zilikuwa za riziki. Filamu na muziki vilizunguka kwa VCD na DVD, na filamu ndefu ya VCD ilihitaji diski mbili kwa kuwa kila moja ilibeba dakika 74 hadi 80. Kwenye maduka ya River Road na Kariakoo kuchoma diski kulikuwa kazi ya kila siku, na mgao wa umeme wa Tanzania wa mwaka 2006 uliongeza hatari ambayo BURN-Proof haikuweza kuitibu. Umeme ukikatika, diski imekwenda. Katika mazingira hayo dakika tatu badala ya kumi zilikuwa kinga ya mtaji.

Kikomo cha mzunguko wa DVD hakikuzidi kile cha CD, maana plastiki ni ileile ya sentimita 12. Ilipata kasi kwa kubana alama, kwa leza ya nanomita 650 na mifereji ya mikromita 0.74 badala ya 1.6, na kwa kuzunguka haraka kuliko CD katika 1x, hivyo 1x yake ni megabaiti 1.385 kwa sekunde, mara tisa ya CD. Blu-ray, kwa leza ya nanomita 405, ilifika megabaiti 4.5 kwa 1x, na hata hivyo gigabaiti 25 kwa mwendo huo huchukua dakika 90 hivi. Taiyo Yuden iliacha kutengeneza diski mwishoni mwa 2015, na Sony ikasimamisha Blu-ray za kurekodia Februari 2025.

Draivu inayouzwa zaidi sasa ni ile nyembamba ya kuchomeka kwenye kompyuta ya mkononi. Huchoma DVD kwa 8x, kwa kuwa mota yake ni ndogo na umeme wote hutoka kwenye tundu la USB. Tundu likiwa dhaifu, au draivu ikipitia kigawanyo kinachohudumia vifaa vingine, diski hushindwa kuzunguka ipasavyo na kazi hukatika katikati. Anayetaka kuhifadhi picha za harusi za wazazi wake kwenye DVD aichomeke draivu moja kwa moja kwenye kompyuta, na kama ina plagi mbili, azichomeke zote mbili.