Lenzi ya Studio na Nyota za Kusini

Kilichochelewesha upigaji picha wa anga la usiku katika karne ya 19 hakikuwa udogo wa vyombo bali tabia ya kemikali, kwani mabamba ya kioo yaliyopakwa kolodioni, yaani kimiminika kinachonata kilichotiwa chumvi za fedha, yalifaa yakiwa mabichi tu, na yalipokauka baada ya dakika chache hayakunasa tena mwanga. Mabamba makavu ya jelatini, yaliyotokana na majaribio ya daktari Mwingereza Richard Maddox mwaka 1871 na kuboreshwa na wengine, ndiyo yaliyoruhusu kamera iachwe wazi kwa saa nzima na zaidi.

Faida hiyo ilidhihirika katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1882, ilipotokea kometi, yaani nyota yenye mkia, iliyong'aa hata ikaonekana mchana. David Gill, Mskoti aliyeongoza kituo cha falaki cha Cape Town, hakuwa na uzoefu wa kusafisha mabamba makavu, hivyo alimwendea Allis, mpiga picha wa kitongoji jirani cha Mowbray, ambaye historia imemtengea nafasi finyu kuliko anavyostahili. Kamera ya kawaida, yenye lenzi ya upana wa inchi 2.5 hivi, ilifungwa juu ya darubini iliyozungushwa na mtambo wa saa, kwa kuwa dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa na nyota huacha michirizi katika bamba lisilozifuata. Naye Gill, akichungulia darubinini, alisahihisha mwendo kwa mkono ili kichwa cha kometi kisihame. Picha mojawapo ilichukua zaidi ya saa mbili.

Walichokitafuta walikipata, lakini kilichowashangaza wanafalaki ni wingi wa nyota zilizojitokeza nyuma ya mkia huo, maana bamba, tofauti na jicho, hulimbikiza mwanga kadiri linavyoachwa wazi, na lenzi fupi hukumbatia eneo pana la anga kuliko darubini ndefu. Kuanzia mwaka 1885 Gill alipiga picha anga la kusini, kwa sehemu akitumia fedha zake mwenyewe, na mabamba yakapelekwa Groningen, Uholanzi, ambako Jacobus Kapteyn, profesa wa falaki ambaye chuo chake hakikuwa na darubini ya utafiti, aliyapima kwa miaka mingi hadi orodha ya nyota 454,875 ikachapishwa kati ya mwaka 1896 na 1900.