Steringi Aliyenyamaza

Ingia kibanda chochote cha video pale Mwanjelwa au Soweto, uwaombe vijana wakutajie waigizaji wa kike wa sinema. Utatajiwa Monalisa, Johari, Wema, Wolper, Lulu. Kama kuna mzee kwenye benchi la nyuma, naye atachomekea Nargis na Hema Malini kwa sauti ya mtu anayetaja shangazi zake. Majina hayo siyagombi hata kidogo. Ila kuna jina moja ambalo sijalisikia hata siku moja kwenye benchi lile, nalo ni la mwanamke aliyebeba filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa Marekani kushindania tuzo ya Oscar. Jina lenyewe ni Amandina Lihamba.

Najua kuna wasomaji watakaodakia hapa: si yule profesa wa Mlimani, mtunzi wa tamthiliya? Ndiye huyo huyo. Na shida yetu inaanzia hapo hapo, maana tumeshazoea kwamba profesa ni mtu wa vitabu na steringi ni mtu wa kwenye kava la mkanda, kama vile hawawezi kukaa ndani ya ngozi moja.

Ndugu msomaji, maisha ya mwigizaji wa filamu katika nchi isiyotengeneza filamu hayawezi kuandikwa kama ya mwigizaji wa Bombay. Wa Bombay utahesabu picha zake: hii ya mwaka fulani, ile ya mwaka fulani, hii ilijaza kumbi, ile ilianguka. Ukimhesabu Lihamba namna hiyo utamaliza vidole vya mkono mmoja na vingine vitabaki. Hapana budi basi tuangalie kwanza sinema ilitufikiaje.

Ilikuja kama mwalimu mwenye fimbo. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri, milima ya Usambara, Waingereza walikuwa na mradi wa kutengeneza sinema za kumfunza Mwafrika: safura, kodi, faida za kuweka fedha posta. Gari la maonyesho lilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwafrika aliwekwa mbele ya kamera aonekane ama mjinga ama amekwisha kuelimika. Katikati ya hapo hakukuwa na mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja picha za Kiswahili zilizotengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini, mojawapo ikiitwa Muhogo Mchungu. Steringi wake alikuwa kijana mzaliwa wa Songea, jirani zetu hapa, jina lake Rashidi Kawawa. Miaka kama kumi baadaye, Januari 1962, kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika! Huwa nawatania wenzangu kwamba hakuna mwigizaji wa nchi hii aliyepanda cheo kama yule, na alipanda kwa kuacha kuigiza.

Baada ya Uhuru serikali iliunda kampuni ya filamu, mwaka 1968, na katikati ya miaka ya 70 tukapata Fimbo ya Mnyonge. Lakini filamu ni kitu cha fedha za kigeni. Mkanda unanunuliwa nje na kamera inanunuliwa nje, na baada ya vita vya Kagera nchi ilikuwa inatafuta sabuni, sembuse mkanda wa sinema. Kumbi zikaendelea kuishi kwa picha za Kihindi na za karate. Televisheni nayo Bara haikuwepo mpaka 1994. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa na kipaji cha uigizaji huku kwetu katika miaka ile alikuwa na mahali pawili pa kukipeleka: redioni, ambako sura yake haikuonekana, au jukwaani, ambako aliyemwona ni yule tu aliyefika siku hiyo.

Lihamba, aliyezaliwa 1944 huko Morogoro, alikwenda jukwaani. Na hapa ndipo ninapopenda kumfuata polepole.

Mwaka 1980 ilichapwa tamthiliya yake Hawala ya Fedha. Kisa chake amekitoa kwa Sembène Ousmane wa Senegal: mzee anatumiwa hawala, fedha ipo, kila mtu mtaani anajua ipo, lakini mzee anazungushwa ofisi hadi ofisi kwa kukosa karatasi ya kuonyesha kwamba yeye ni yeye. (Aliyewahi kupanga foleni kwenye dirisha la serikali hahitaji maelezo zaidi.) Sembène alikiandika kisa hicho, kisha mwaka 1968 akakifanya filamu, Mandabi, kwa sababu watu wake wengi hawakujua kusoma na alitaka wamwelewe. Sasa mtazame Lihamba. Anakichukua kisa ambacho kwao kilishafika kwenye sinema, analeta Kiswahili, anakipandisha jukwaani. Mwingine ataona amerudi nyuma. Mimi naona alikuwa anafanya kazi ile ile ya Sembène kwa vifaa vilivyokuwepo. Dakar kulikuwa na kamera. Huku kwetu kulikuwa na turubai, taa mbili na watu waliokuwa tayari kukaa chini.

Miaka ile haikuwa na mapumziko. Yeye na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya waliandika pamoja Harakati za Ukombozi, iliyotoka 1982. Kulikuwa na kundi la Paukwa, lililocheza Ayubu. Na kulikuwa na safari za vijijini. Lihamba, Penina na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na vijana wa kijiji, wakawauliza nini kinawasumbua, kisha matatizo hayo, mojawapo likiwa mimba za wasichana, yakageuzwa ngoma na maigizo yakachezwa mbele ya wazazi na viongozi, na baada ya mchezo watu wakajadili. Hakukuwa na kiingilio wala kava. Mwigizaji wa namna hii anajifunza kitu ambacho wa studio hajifunzi: kusikika na mtu wa mwisho kabisa, uwanjani, upepo ukivuma, mtoto akilia. Sauti lazima iwe kubwa, mkono lazima upande juu.

Mwaka 1985 ulikuwa mkubwa kwake. Alipata udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti wa siasa na maigizo ya Tanzania tangu Azimio la Arusha. Mwaka huo huo ikatoka Harusi ya Mariamu, filamu fupi iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Mmarekani Ron Mulvihill. Inahusu mwanamke mgonjwa ambaye hospitali imemshindwa, na mganga wa jadi. Humo Lihamba akasimama mbele ya kamera. Alikuwa na miaka arobaini na moja, umri ambao leo mwigizaji wa kike Bongo anaanza kupewa nafasi za mama mkwe mkorofi.

Kisha ikapita miaka kumi na sita. Katikati aliandika Mkutano wa Pili wa Ndege, iliyotoka 1992, mwaka vyama vingi viliporudi. Alifundisha. Yeye na Penina, ambaye sasa alikuwa akijulikana zaidi kama Penina Mlama, walifanya maigizo ya watoto, na mwaka 1996 wakaanzisha mradi wa Tuseme. Jina linajieleza. Wasichana wa sekondari walikaa pamoja, wakataja wenyewe yanayowazuia kusoma, wakayatungia mchezo, wakaucheza mbele ya walimu wale wale wanaohusika. Baadaye mbinu hiyo ilichukuliwa na FAWE, shirika la wanawake wanaopigania elimu Afrika, ikaenda nchi nyingine nyingi. Nisome tena hilo jina: Tuseme. Mwanamke aliyetumia nusu ya maisha yake kuwafungua wasichana midomo.

Sasa njoo 2001. Inatoka Maangamizi, imeongozwa na Martin Mhando wetu na yule yule Mulvihill, mwandishi wake ni Queenae Taylor Mulvihill. Ndani yake kuna daktari Mmarekani mweusi, Asira, aliyechezwa na BarbaraO (aliyeiona Daughters of the Dust ya 1991 anamjua), amekuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili Tanzania. Kuna bibi wa kale, Maangamizi mwenyewe, aliyechezwa na Mwanajuma Ali Hassan. Na kuna mgonjwa, Samehe, ambaye aliona kifo cha kutisha cha mama yake, na tangu hapo, miaka nenda miaka rudi, ameacha kusema. Samehe ndiye Lihamba.

Yaani mama wa Tuseme amepewa nafasi ya mtu asiyesema!

Mimi niliiona kwenye kompyuta ya rafiki, kule Forest, tukiwa saba tumebanana kitandani, usiku wa Julai, na baridi ya Mbeya ya Julai mnaifahamu. Mshikaji wetu mmoja amekulia kwenye vibanda, kwenye zile sinema ambazo kuna jamaa anatafsiri juu kwa juu bila kupumua. Ukimya ukamshinda. Akaanza kumsemea Samehe: "Ananiangalia huyu, ngoja nimwoneshe..." Tukacheka. Baada ya muda nikagundua ameacha. Hakuna aliyemnyamazisha. Alikuwa ameinama mbele, mkono mdomoni, kama sisi wengine.

Kwa wanaotaka kuigiza au kuandikia waigizaji, naomba mlitazame hilo. Mtu aliyezoea kupiga sauti ifike mwisho wa uwanja amenyang'anywa sauti, na mkono uliozoea kupanda juu umewekwa mapajani. Kilichobaki ni shingo, macho, na namna mtu anavyopumua anapoguswa bega. Hajaribu kutuonyesha kwamba ana huzuni. Anakaa tu, na sisi tunamaliza wenyewe. Waigizaji wetu wengi wa video wamefundishwa kinyume: ukiwa na hasira, fungua macho, ukiwa na huzuni, piga ukunga. Na majina yenyewe katika filamu hii yana lake, maana mgonjwa anaitwa Samehe, na sikio la Mswahili likisikia Asira haliwezi kukosa kusikia hasira.

Sisemi filamu haina kasoro. Kwa maoni yangu daktari amepewa maneno mengi mno ya kueleza, na kuna mahali nilihisi anaelezwa mtazamaji wa ng'ambo, si mimi. Lakini kila kamera inaporudi kwa Samehe maelezo yanakwisha kazi.

Tanzania iliipeleka filamu hiyo kwenye kinyang'anyiro cha Oscar, kundi la filamu za lugha za kigeni. Haikuteuliwa. Ya pili kupelekwa ilikuwa Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, mwaka 2022. Miaka ishirini na moja! Katikati ya hapo ilitoka Girlfriend, 2003, na baada yake mafuriko ya video: kamera ndogo, siku chache za kupiga, mkanda sokoni. Walioleta mafuriko hayo waliwapa Watanzania nyuso zao wenyewe za kupenda na kuzigombania, na hilo Nargis asingeweza kutufanyia. Maangamizi haikupita njia hiyo. Ilikwenda kwenye matamasha, wakaijadili wasomi, na pale Mwanjelwa kwenye meza za sidii sijaiona.

Ndiyo maana swali la rafiki yangu mmoja usiku ule lilinikera, na bado linanikera: kama watu wanaosema lugha yako hawajakuona, wewe ni maarufu wa nani? Nilimjibu kwa haraka kwamba Malya walimwona. Akasema Malya hawakumwona mwigizaji, walimwona dada aliyekuja kukaa nao. Tukabishana mpaka umeme ukakatika.

Kwa sasa kikundi chetu kina nakala moja ya Hawala ya Fedha, ya kuazima, na kurasa mbili za katikati zimetoka. Tunainakili kwa mkono. Waigizaji tunao sita, hawatoshi, na wa kucheza yule mzee hatujampata. Kila kijana tuliyemjaribu anapiga kelele.